Nimefiwa na Nywele

Wiki iliyopita mliniacha nje ya saluni ya Bridget, mkoba wa vitana kifuani, mlango ukifungwa nyuma yangu. Kwa ambaye hakuwepo, kisa ni hiki. Mimi Nakiru ni msusi hapa Isiolo, na kichwa cha msusi kimeanza kumwaga nywele. Kilianza na duara moja nyuma ya sikio, laini, kubwa kama shilingi. Likaja la pili. Kisha nikaacha kuyahesabu kwa sababu yalikuwa yameshikana mikono.

Mji ukalipa jina gonjwa langu: mashilingi. Ule ugonjwa wa vichwa vya watoto wa shule, unaorukia watu kwa kitana na kwa kofia. Mteja mmoja aliona duara chini ya kilemba changu, akanyanyuka na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama wima, akatoka hivyo hivyo mpaka barabarani.

Bridget, tajiri wangu, hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alinawa mikono kwa spiriti mbele yangu, kidole kwa kidole, kisha akanionyesha mlango kwa kiwiko.

Mlionitumia ujumbe wa dawa, asanteni. Wa kitunguu saumu: nilinuka kama pilau ya harusi na hakuna aliyenialika. Wa mkojo wa ngamia: Mungu anakuona. Mimi mwenyewe nilishapaka hata dawa ya kuogeshea mbuzi. Kupe wangekuwepo kichwani wangekufa wote. Duara halikutikisika.

Mume wangu Lowoi, dereva wa lori la Moyale, hakuwa amejua lolote. Alikuwa hajakanyaga nyumbani tangu mvua ikatike. Akipiga simu, anauliza kama kodi imelipwa na kama maji yanatoka bombani. Hakuna simu iliyowahi kuuliza kuhusu kichwa.

Sasa sikilizeni yaliyonipata baadaye.

*

Nilikwenda kwa daktari wa ngozi. Si kwa sababu nilikuwa na tumaini. Nilikuwa nimemaliza vyote vinavyouzwa katika chupa.

Daktari Istahil alikuwa mwanamke wa makamo, Msomali, shungi lake jeusi likimfika kiunoni. Sikuweza kujua kama chini yake kuna nywele au hakuna. Nilimwonea wivu kwa hilo kabla hajafungua mdomo.

"Toa kilemba, abaayo," akasema. Dada yangu. Ilikuwa muda mrefu sijaitwa dada ya mtu.

Nikatoa. Akaniinamia na taa yake ndogo, na vidole vyake vikanigusa. Hakuvaa glavu.

"Inawasha?"

"Hapana."

"Inatoa maganda? Unga unga?"

"Hapana."

"Umejifungua karibuni?"

"Sijawahi kujifungua."

"Kwenu kuna mwenye tezi? Uvimbe wa shingo?"

"Shangazi yangu."

"Unachoka ovyo?"

"Daktari, nimefukuzwa kazi. Nimechoka kwa mpango."

Akacheka kidogo. Akazima taa.

"Nani alikwambia haya ni mashilingi?"

"Kila mtu."

"Kila mtu alisomea wapi udaktari?"

Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, magoti karibu yagusane.

"Mashilingi ni kuvu. Inavunja nywele, inaacha visiki na maganda, na inapenda watoto. Wanaosuka rasta za kukaza, nywele zinawatoka huku mbele, kwenye paji. Wanaougua homa kubwa au waliojifungua, zinapukutika kichwa kizima, halafu zinarudi. Wewe uko na maduara, na ndani ya duara ngozi ni laini kama yai. Hii haiambukizi. Ungelalia mto mmoja na Isiolo yote, hakuna mtu angeipata."

"Basi mimi nimeipata kwa nani?"

"Kwako mwenyewe."

Nilidhani ananitukana. Aliona uso wangu, akainua mkono.

"Ngoja. Wewe ni mtu wa mifugo, hata kama unakaa mjini. Mwenye boma anafuga mbwa wamkinge na fisi, sivyo? Siku moja mbwa anachanganyikiwa, anauma mbuzi wa nyumbani. Mwili nao uko na mbwa wake, wanafukuza magonjwa. Hao wako wameona mizizi ya nywele, wakafikiri ni fisi."

"Kwetu mbwa akianza kuuma mbuzi anauawa."

"Hawa hatuwaui. Bila hao mafua yangekumaliza. Tunawatuliza. Nitakudunga sindano ndogo ndogo hapa kwenye maduara, utarudi tena baadaye, na tena. Nitakupa na mafuta ya kupaka. Damu tutapima, tuangalie tezi na madini ya chuma. Mizizi haijafa. Imelala."

"Zitarudi?"

Akaanza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano. Nje, mwuza maji alikuwa akigombana na punda wake.

"Wengi zinarudi," akasema mwishowe. "Mara nyingine zinatoka nyeupe kwanza. Wengine zinarudi halafu zinaondoka tena. Na kuna wachache ambao... sitakudanganya, abaayo. Hakuna daktari anaweza kukuapia."

"Watu wanasema ni laana. Wengine wanasema ni mawazo mengi."

"Watu watasema jicho, watasema laana, watasema mawazo. Sikiliza mimi. Hujafanya kitu."

Hujafanya kitu.

Sindano ziliuma kama siafu, moja baada ya nyingine, lakini sikulia kwa sababu ya sindano. Nililia kwa sababu ya maneno hayo mawili, na yeye akaniachia nilie, akiendelea kudunga.

Nilipokuwa nafunga kilemba akasema, "Hivi vishungi vilivyobaki, ukitaka nyoa, ukitaka acha. Havizuii dawa wala haviiharakishi. Usijifiche tu kama mwizi."

Sikumlaumu wakati ule, na simlaumu leo. Alisema neno zuri. Ni mimi niliyelichukua nikatoka nalo mbio.

*

Kinyozi wa karibu alikuwa Mutwiri, Mmeru mnene mwenye kibanda cha mabati karibu na soko la mifugo. Kwenye benchi alikaa kijana mmoja wa bodaboda, Kevin, anayebeba abiria kati ya mji na Ngaremara. Ngaremara ndiko anakokaa mama mkwe wangu. Nilimjua Kevin kwa sura. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Nikaketi kitini. Nikafungua kilemba mwenyewe, mbele ya wanaume wawili, mchana kweupe. Moyo ulidunda kama wa mtu anayevua nguo.

"Kipara," nikasema.

Mutwiri akaniangalia kwenye kioo. Aliona maduara? Sijui. Vishungi vilivyobaki vilikuwa vimetapakaa kila upande. Alichoona yeye ni mwanamke mwenye pete aliyekuja kunyolewa kichwa chote, macho mekundu kwa machozi.

Akazima redio.

"Mama," akasema polepole, "umefiwa?"

Ningeweza kumweleza. Mbwa, mbuzi, fisi, kuvu, tezi. Lakini mdomo ulikuwa umechoka, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilikuwa na mzaha kidogo moyoni. Mtu aliyekaa peke yake sana huanza kutaniana na nafsi yake, akasahau kwamba wengine wana masikio.

"Eh," nikasema. "Nimefiwa."

"Ngai! Ni mtu wa karibu?"

"Karibu sana. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja."

Nilikuwa nasema nywele. Nikatabasamu hata. Mutwiri aliona tabasamu hilo kwenye kioo na akadhani ni lile la mtu ambaye akili inataka kumtoka.

Hakuuliza tena. Alininyoa kwa wembe, taratibu, akipuliza vinywele shingoni kama anayemnyoa mtoto. Nilipofungua pochi alirudi nyuma.

"Kichwa cha msiba sitozi," akasema. "Enda, mama. Mungu akupe nguvu."

Nikadhani anausemea msiba wa nywele. Nikadhani ameuelewa mzaha wangu na ana roho nzuri.

Sasa mtaniuliza: Nakiru, wewe ni Mturkana, hukujua? Nilijua. Kwetu mwanamke hanyoi kwa joto wala kwa urembo. Mke wa mtu akionekana na kichwa cha wembe, watu hawaulizi kama amefiwa, wanauliza amefiwa na nani. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini kwa miezi yote ile kichwa changu kilikuwa ugonjwa tu. Nilisahau kwamba kichwa pia ni maneno.

Kevin akanifuata nje. "Panda, mama, nikufikishe."

Akaniendesha polepole, akikwepa kila shimo. Pikipiki yake kawaida hupiga muziki mpaka kuku wanakimbia. Siku hiyo aliuzima. Nikadhani ameshikwa na kinyaa.

Tulipofika akasema, akiangalia chini, "Huko nyumbani Ngaremara wamepata habari?"

Nikadhani anauliza kuhusu ugonjwa.

"Bado. Sijui nitawaambiaje."

"Usijali," Kevin akasema. "Hiyo wachia mimi."

*

Jioni ile nilikwenda kununua nyanya bila kilemba. Kichwa kilihisi upepo. Nilikuwa nimejiandaa kwa vicheko, nimenoa majibu kama visu, na hamjui nikinoa ulimi unakata nini.

Hakuna aliyecheka.

Mama wa nyanya alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Aliongeza nyanya juu ya nyanya hadi mfuko ukakataa. "Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana."

Mwenye nyumba, ambaye hunisalimia kwa kunikumbusha kodi, alivua kofia nilipopita.

Watoto wa jirani waliambiwa wasipige mpira karibu na mlango wangu.

Niseme ukweli? Nilifurahi. Miezi yote watu walikuwa wakivuta viti mbali nami. Nilikuwa nakula nikitazama ukuta. Nilikuwa nimeanza kuliamkua sufuria asubuhi, "Ejoka?", na kulijibia mwenyewe, "Ejok-nooi." Sasa, kwa kichwa kitupu tu, mji mzima ulikuwa umeniinamia. Nikasema, kumbe daktari alijua. Usijifiche, nao watakupenda.

Nililala nikiwa na watu. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Asubuhi, viti vikaanza kuja.

Viti vya plastiki, vyeupe, vikishushwa kwenye mkokoteni na kupangwa uani. Nikatoka na mswaki mdomoni.

"Vya nani hivi?"

"Vya kanisa," akasema aliyevileta. "Turubai inafuata."

Kabla sijatema mate ya dawa ya meno, lango likafunguka na Bridget akaingia. Bridget yule wa spiriti. Amejifunga leso, ameshika unga na sukari, uso umevimba kwa kulia. Akaviweka chini, akanikumbatia. Akalaza shavu lake juu ya kichwa changu kitupu, pale pale kwenye yale aliyoyaita mashilingi.

"Nisamehe, Nakiru. Sikujua ulikuwa na mzigo gani. Mume ni mume. Hata kama hakai nyumbani, mume ni mume."

"Mume gani?"

"Usiongee. Lia tu."

"Bridget, mume gani?"

Akanitoa kifuani, akanitazama kwa huruma kama anayemtazama mgonjwa. "Lowoi, mpenzi."

Mswaki ukaanguka.

"Lowoi amefanya nini?"

Nikakaa kwenye kiti cha msiba wangu mwenyewe.

"Nani amekuambia? Ni ajali? Ni wapi? Niambie ni wapi!"

"Si wewe ndiye umesema?"

"Mimi?"

"Mutwiri ameambia soko lote. Ulikwenda kunyoa, ukamwambia kwa kinywa chako umefiwa na yule unayelala naye kitanda kimoja."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka nikiwa nimekaa pale, nikashindwa kujizuia, na Bridget akaanza kunipepea kwa leso akiita watu walete maji.

"Nywele!" nikapiga kelele. "Nilikuwa nasema nywele!"

Kina mama wa kanisa waliokuwa wakiwasha moto wakageuka.

"Nywele zinalala kitandani?" mmoja akauliza.

"Zinalala na mimi! Zilikuwa zinalala na mimi!"

"Amechanganyikiwa," akasema mwingine. "Huwa hivyo siku ya kwanza."

Nikaikimbilia simu. Nikampigia Lowoi. *Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.* Nikapiga tena. Hapatikani. Nikajiambia ni mtandao, kule mbele ya Laisamis simu huwa jiwe. Nikapiga tena.

Hapo ndipo kicheko kilipokatika. Kwa sababu nilikuwa nimejiuliza swali ambalo hata nyinyi mmeshajiuliza. Je, kama ni kweli? Nilisema nimefiwa kwa mzaha, na simu yake haipatikani.

*

Pikipiki ya Kevin ilisimama langoni kabla ya adhuhuri. Nyuma yake alishuka mama mkwe.

Mama Lowoi ni mwanamke mrefu, shanga zimempanda shingoni hadi kidevuni. Ni mtu ambaye hajawahi kuinama mbele ya chochote isipokuwa mlango wa kibanda chake. Alitembea wima mpaka katikati ya uwanja, akavuta kile kitambaa kilichofunika kichwa chake.

Alikuwa amenyoa.

Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Damu ilikuwa imekauka pale wembe ulipoteleza. Kevin alikuwa amemfikishia habari jana jioni, na yeye hakungoja asubuhi.

Tulitazamana, vipara viwili.

"Mwili ya kijana yangu iko wapi?" akauliza.

"Mama, Lowoi hajafa."

"Iko wapi?"

"Mama, sikiliza. Hajafa. Mimi ni mgonjwa. Nywele zangu zilianguka. Zimeanguka miezi. Nikaenda kunyoa zilizobaki, huyu kinyozi akaniuliza, nikamjibu vibaya. Ni mdomo wangu tu. Lowoi yuko barabarani."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akakaa chini, kwenye udongo, viti vyote vile vikimtazama.

"Ilianguka yenyewe," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nywele ni majani ya mgunga, ianguke yenyewe?"

"Daktari amesema mwili..."

"Mimi nimezika bwana. Nimezika dada. Kila nywele nilitoa kichwani nilijua inaenda na nani. Hii ya leo imeenda na nani, Nakiru? Niambie. Nimempa nani nywele yangu?"

Nikamweleza ya mbwa na mbuzi. Nilidhani yeye, aliyekulia bomani, ataelewa haraka kuliko mimi. Maneno yakatoka yamepinda. Kina mama wa kanisa wakaguna. Kevin akajaribu kunisaidia, akimwita nyanya kwa Kiturkana.

"Ata, pengine ni kweli. Mimi mwenyewe nilisikia akisema..."

"Wewe nyamaza! Wewe ndio ulininyoa!"

Kevin akarudi kusimama kando ya pikipiki yake.

Mama Lowoi akanigeukia. Hakupaza sauti tena.

"Tumbo lako ilikataa kuzaa. Nilisema kitu? Nilinyamaza. Watu waliniambia, tafutia kijana bibi mwingine, nikasema huyu ana mdomo lakini ana roho. Sasa umemnyolea akiwa hai. Unajua hiyo ni nini? Umefungulia kifo mlango, ukaiambia, karibu, kitanda ni hii."

"Mama, nakuomba."

"Akirudi mzima, hatalala kwa hii nyumba. Wewe utarudi kwenu. Nywele ikiota, tutachinja mbuzi, tutakuosha, utarudi kwa bwana yako. Isipoota, kaa huko."

Kwetu ni makaburi mawili na shangazi mwenye tezi. Na nywele, daktari amesema, hakuna wa kuziapia.

Nikatazama huku na huku nione nani atasema neno. Bridget alikuwa akikunja leso. Aliyeleta viti alikuwa ameanza kuvipanga tena juu ya mkokoteni, kimya, kama anayetoka kanisani kabla ya sadaka. Jana nilikuwa na mji mzima. Kumbe walikuwa wa marehemu, si wangu.

*

Honi ya lori ninaijua. Ina kikohozi mwishoni.

Nilikuwa wa kwanza kusimama, lakini Mama Lowoi alikuwa wa kwanza kufika. Mwanamke wa umri ule alikimbia. Lori lilikuwa halijatulia vizuri barabarani, vumbi lote lile, naye ameshafungua mlango wa dereva na kumvuta mwanawe kwa shati.

Alimshika uso. Alimshika masikio, mabega, akamgonga kifua kama anayekagua mlango. Akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu mwenye furaha.

"Ni mzima! Ni mzima!"

Kina mama wakaimba. Kevin akapiga honi ya pikipiki kama mwendawazimu. Viti vikashushwa tena.

Mimi nilibaki langoni.

Lowoi alikuwa amekonda. Vumbi la njia limemkaa kwenye nyusi, kofia ya sufu imevutwa hadi masikioni katika joto lile. Akaniona. Macho yake yalipanda hadi kichwani kwangu yakabaki pale.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yote. Nilikuwa tayari kwa hasira, kwa cheko, kwa *umefanya nini, mwanamke?* Nilikuwa tayari hata kupiga magoti, mimi ambaye sipigi.

Hakuuliza.

Hilo ndilo lililonitisha. Mume amekaa njiani msimu mzima, anarudi, anakuta turubai uani, mama yake amenyoa, mke wake amenyoa. Na haulizi.

"Lowoi," nikasema. "Nilikuwa mgonjwa. Sikukuambia."

"Sawa," akasema. Sauti haikuwa na kitu ndani.

"Mama anataka nirudi kwetu."

"Sawa."

"Sawa nini?"

Mama yake alikuwa ameshamshika mkono, anamvuta kwenye kivuli.

"Piga magoti," akamwambia. "Watu wamekulilia ukiwa hai. Lazima nikutemee mate ya baraka kichwani, nikuondolee hiyo kitu kabla ijue umerudi. Toa kofia."

"Mama, baadaye."

"Toa."

"Nimechoka, mama. Baadaye."

"Nimekunyolea!" Sauti ikampasuka. "Kichwa yangu iko tupu kwa ajili yako, na wewe unakataa mate yangu? Toa kofia!"

Akaishika yeye mwenyewe, akaivuta.

Nyimbo zikakatika moja moja, kama taa za mtaa stima ikipotea.

Wanaume wengi wa Isiolo hunyoa kipara kwa joto. Lowoi hanyoi. Nywele zake ni fahari yake, mimi ndiye niliyekuwa nikizichana. Kichwa chake cha wembe nilikiona mara moja tu, siku tulipomzika babake.

Sasa kilikuwa hicho mbele yetu, chini ya jua. Wembe ulikuwa umepita kote. Na vijinywele vifupi vilikuwa vimeshaanza kuchomoza, vyeusi, kama mchanga uliomwagwa. Hakunyoa leo. Hakunyoa kwa habari zozote za Kevin. Alikuwa amenyoa kabla yangu.

Mama yake alibaki na kofia mkononi. Mate aliyokuwa ameyaandaa akayameza.

"Lowoi," akasema, karibu kwa kunong'ona. "Sisi wote tuko. Mimi niko. Bibi yako yuko. Wewe umenyolea nani?"

Lowoi hakumtazama mama yake. Alinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye lori nikaona kwamba amekuwa akilia njia nzima.

"Mtoto wangu wa kule Moyale," akasema.